Ngazi Tatu za Uani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo na Kaka amevunja kitu, kwa hiyo msimu umefunguliwa rasmi.

Paa la ukumbi wetu wa gemu linavuja juu ya zile mashine mbili za usukani. Kaka alizikuta zimelowa, akaniuliza kwa nini sikuzisogeza. Nikamwambia mimi ni fundi, si mchukuzi, na paa ni la mwenye ukumbi, ambaye ni yeye. Sikumaliza. Alinyakua kitu cha kwanza kilichokuwa mezani kwangu akakibamiza ukutani. Kilikuwa kisomeo changu cha chipu, kile ninachotumia kutoa programu zilizolala ndani ya mashine za zamani. Kiligonga ukuta, kikagonga kona ya meza, kikaishia chini ya benchi.

Wifi, mkewe, alikuwa kaunta. Hakugeuza hata shingo. Kaka akipaza sauti, yeye huanza kufuta kioo cha kaunta, hata kama amemaliza kukifuta sasa hivi.

Kisha Kaka akacheka, kama kawaida yake. "Mdogo wangu, ulimi wako utakuja kukung'oa meno," akasema, akanikumbatia, akainama mwenyewe kukiokota. Ganda lina ufa upande mmoja lakini taa ya kijani inawaka. Kwetu kitu kikiwaka kinahesabiwa kizima.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Tumekaa tukitazamana.

Ijumaa, 8 Machi

Umeme umerudi na nimefanya kazi ya Mkusanyaji. Huyu ni bwana mmoja wa makamo, mpole, anayekusanya gemu za zamani kama wengine wanavyokusanya stempu. Ameagiza tumtengenezee makabati ya gemu, na anayataka kabla mvua haijakatika. Ndani ya kila kabati kuna kompyuta ya kawaida yenye kiigizi, yaani programu inayoifanya ijifanye mashine ya zamani. Lakini kiigizi hakiamki bila faili la kuwashia. Ni ile programu ndogo iliyochomwa kwenye chipu ya mashine halisi, inayoiambia mashine wewe ni nani, skrini yako ni ipi, haya piga muziki wa kufungulia. Mkusanyaji hataki faili la kuokota mtandaoni. Anataka litoke kwenye mashine yake mwenyewe ya kijivu, na ametuachia.

Sheria yangu ni moja: chipu naisoma mara tatu. Kila nikisoma, kompyuta inalipiga faili hesabu na kunitolea alama, mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Faili likibadilika hata kwa nukta moja, alama yote inageuka. Zikilingana mara tatu, basi chipu imesema kweli.

Leo zimelingana mara tatu, na ukubwa wa faili ni uleule unaotakiwa. Ila alama yetu si ile ambayo wakusanyaji wameitangaza kwa mashine ya aina hii. Nilikuna kichwa, nikaamua kwamba mashine hii ni ya toleo lingine. Viwanda vilikuwa vikibadilisha mambo kila mara bila kumwambia mtu. Ukimchunguza sana bata humli. Nimeandika alama yetu ukutani juu ya benchi kwa kalamu nene, nikampa Wifi faili anakili kwenye kadi za makabati. Ana mikono mitulivu kutushinda sote.

Jumanne, 12 Machi

Mlevi mmoja aling'oa fimbo ya mashine ya mapigano, akaenda nayo kaunta kumtisha Wifi. Kaka alitoka chumba cha nyuma bila hata kukimbia. Alimnyang'anya ile fimbo akampiga nayo mdomoni, shingoni, mgongoni, akamfuata hadi mtaroni, akampigia huko pia. Meno mawili yalibaki sakafuni kwetu.

Nilifurahi, sifichi. Tangu shule Kaka amekuwa akinipigania. Walionicheka kwa kuvaa viatu vya baba walicheka mara moja tu. Nimekua nikijua kwamba kuna mkono nyuma yangu, na ukikua na mkono kama huo unasahau kuuangalia.

Tulipokuwa tukipiga deki, Wifi aliyazoa yale meno kwa karatasi, akaniambia, "Umeuona mkono ule, wifi? Hauchoki." Nikamwambia ndiyo, una bahati.

Jumapili, 17 Machi

Wifi ameanguka ngazini. Tumerudi kutoka hospitali sasa hivi. Jicho la kushoto limefumba, mdomo umepasuka, mbavu zinamuuma akivuta pumzi.

Nilikuwa nimetoka kununua waya. Niliporudi, Mama alinipokea mlangoni: "Wifi yako ameteleza kidato cha juu, ametua na uso." Sebuleni Kaka alikuwa anavaa viatu: "Ameteleza kidato cha juu, ametua na uso." Wifi mwenyewe, kitambaa mdomoni: "Niliteleza kidato cha juu, nikatua na uso."

Watatu, na wote neno moja. Nikaita teksi.

Muuguzi aliyempokea ni mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Akamuuliza, "Ngazi hizo zina vidato vingapi?"

"Vitatu," akasema Wifi.

Ni kweli, ni zile za mlango wa uani, za kushukia jikoni. Muuguzi akalitazama jicho, akabonyeza mbavu, kisha akanitazama mimi. "Vitatu," akarudia, akaandika. Damu ilinichemka. Nilimwambia kazi yake ni kutibu, hesabu awaachie walimu. Njia nzima nilimsema yule mama na kidomodomo chake. Wifi alikuwa anatazama nje ya dirisha.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Kabati la kwanza limekamilika, rangi imekauka vizuri ajabu kwa hali hii ya hewa. Nikaliwasha. Nembo ikatokea, halafu giza. Nikaliwasha tena, nembo, giza. Nimebadilisha kiigizi, nimebadilisha kompyuta. Kaka anapita nyuma yangu kila baada ya muda akiuliza, "Bado?" Wifi kaunta anafuta kioo.

Jumanne, 26 Machi

Naandika haya usiku.

Mkusanyaji alikuja asubuhi na flashi mfukoni. Ana rafiki mwenye mashine ya kijivu kama yake, namba ya ndani ni ileile, nalo faili lake la kuwashia amelitoa kwa fundi mwingine. Nililiweka kwenye kabati. Muziki wa kufungulia ukajaa ukumbi, mpaka wateja wakageuka. Nikaweka letu: nembo, giza. Nikapima alama ya faili lake. Ilikuwa ileile iliyotangazwa.

"Fundi, lenu ni bovu," akasema Mkusanyaji kwa upole. "Rekebisheni. Sipendi kuhama, lakini nitahama." Akatuaga mmoja mmoja, akaenda. Kaka angeweza kuvumilia tusi. Upole haujui.

"Nani aligusa faili?" akauliza.

"Nilisoma mara tatu, zikalingana. Lilipotoka mikononi mwangu lilikuwa zima."

"Likaenda kwa nani?"

Nilitazama kaunta. Kutazama kulitosha.

Aliwaambia wateja watoke, akazima mashine zote, akashusha mlango wa chuma hadi chini. Alikuwa mtulivu kabisa. Alichomoa waya wa umeme nyuma ya mashine mojawapo, akaukunja mara mbili, akamfuata Wifi nyuma ya kaunta. Pigo la kwanza lilipasua kioo alichokuwa akikifuta msimu mzima. La pili lilimpata yeye.

"Sikugusa! Nilinakili tu! Nilinakili tu!"

Mimi niliikimbilia kompyuta. Ndivyo nilivyo, moto ukiwaka mimi natafuta kipimo. Nilitoa kadi mojawapo aliyonakili Wifi, nikaipima alama. Kompyuta ilikwenda kwa mwendo wake uleule wa kila siku, na nyuma yangu nilisikia waya ukivuma, ukitua, ukivuma, ukitua, na sauti ya Wifi ikipungua maneno. Alama ikatoka. Nikaitazama, nikatazama ukutani. Herufi kwa herufi, ilikuwa ileile niliyoiandika kwa mkono wangu.

"Kaka! Kadi na ukuta ni sawa! Hajabadilisha kitu! Acha!"

Aliacha. Alisimama akihema, akautazama ukuta muda mrefu. Kisha akasema, "Basi alibadilisha na ukutani."

Mwandiko wa ukutani ni wangu. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Kaka anajua kusoma. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akimtafuta aliyeharibu faili. Alitafuta mtu wa kupiga, na mimi nilikuwa nimemwonyesha.

Alipoinua tena nilimrukia mgongoni nikamuuma sikio hadi nikaonja damu. Alinitupa juu ya benchi kama koti. Nilipoinuka, Wifi alikuwa chini ametanguliza mkono wa kulia kujikinga, na Kaka akaukanyaga mkono ule kwa kisigino. Nilisikia mfupa. Ukumbi mzima ulisikia, mashine zote zilikuwa zimezimwa.

Kisha akajifuta sikio, akainua mlango wa chuma. "Mwite teksi," akaniambia. "Ameanguka ngazini."

Mama alitukuta hospitali na nguo za kubadilisha. Muuguzi alikuwa yuleyule wa kamba. Mama akasema: aliteleza kidato cha juu. Kaka akasema: aliteleza kidato cha juu. Wifi, wakimfunga plasta ngumu kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko, akasema: niliteleza kidato cha juu. Muuguzi akanigeukia. "Na wewe wa hesabu?"

Mama alinishika mkono chini ya meza, akauminya.

"Ngazini," nikasema.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Sijaenda kazini. Kaka ameleta matunda, amemmenyea Wifi chungwa, amemlisha kipande kwa kipande. Wifi anafungua mdomo na kutafuna.

Jumamosi, 30 Machi

Nimejua.

Kaka alitoka kutafuta kioo kipya, nikabaki peke yangu ukumbini. Nililifungua faili letu lenyewe, nikaanza kulisoma ndani, safu kwa safu, badala ya kuipima alama tu. Nyingi ni tarakimu zisizo na maana kwa jicho, lakini mwanzoni kabisa mafundi wa kiwandani waliacha maneno machache ya kujitambulisha. Nilishuka, nikashuka. Katikati ya faili nikayakuta tena maneno yale. Yaleyale, na baada yake tarakimu zilezile. Nikakata faili katikati nikapima kila nusu. Alama moja. Nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyorudiwa.

Chipu ni kama nyumba yenye vyumba vya chini na vya juu. Kwenye kisomeo kuna mguu mmoja, kijiti chembamba cha chuma, ambao kazi yake ni kusema: sasa panda juu. Mguu ule ukikatika, kisomeo kinasoma vya chini, kisha kikiambiwa panda juu kinasoma vya chini tena, na kinakupa faili lenye ukubwa kamili. Soma nacho mara tatu, soma nacho mara mia, kitakupa uongo uleule bila kukosea.

Nikafungua ganda la kisomeo. Mguu ule umekatika kwenye lehemu, chini ya ufa. Ni ufa wa tarehe nne. Mkono uliokibamiza ukutani ndio uliomvunja Wifi kwa kosa la kisomeo.

Nililirudisha ganda mezani, ufa juu. Kisha niliwaza jambo lingine, na hilo ndilo baya zaidi. Kusoma mara tatu kwa kisomeo kimoja ni kusoma mara moja. Mama, Kaka, Wifi, neno moja: nami nikaita teksi. Kinywa kilikuwa kimoja tangu mwanzo.

Jumatatu, 1 Aprili

Nilimfuata Mama jikoni, nikamwambia yote, faili, mguu, ufa, waya. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso.

"Unataka nifanye nini? Nimzae upya?"

"Nataka useme kweli, Mama. Siku nyingine atamuua."

"Usivunje nyumba ya kaka yako."

"Nyumba haivunjwi na anayesema."

Alitupa jiwe dogo nje, akachambua kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani: "Baba yenu ndiye aliyejenga ngazi hizo. Kabla hajazijenga, mimi nilikuwa naanguka kisimani."

Nilizaliwa katika nyumba hii. Hatujawahi kuwa na kisima.

"Alipozijenga nilishukuru," akasema. "Kisima watu walikuwa wameanza kukiuliza kiko wapi."

Mama yangu ana kovu chini ya nywele, upande wa nyuma. Utotoni nilikuwa nikimsuka, nikalizunguka kwa kichana, sikuwahi kuuliza. Leo niliweka mkono pale. Akauacha kwa muda, halafu akautoa akaniambia maharage hayatajichambua.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua kubwa. Mkusanyaji ameniazima kisomeo chake. Sijamwambia Kaka.

Jumapili, 7 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, maana baadaye nitataka kujidanganya.

Asubuhi nilisoma chipu ya mashine ya kijivu kwa kisomeo cha kuazima. Halafu nilikitengeneza cha kwangu, nikalehemu mguu, nikasoma kwa hicho pia. Visomeo viwili tofauti, alama moja, na ndiyo ileile iliyotangazwa. Nikaliweka faili kwenye kompyuta yangu ndogo, muziki ukapiga. Nilitakiwa nifurahi nikae kimya. Lakini nilibeba kompyuta na lile ganda la kisomeo lenye ufa, nikaenda navyo nyumbani, kwa sababu nilitaka Kaka aone aibu. Mjinga mimi.

Tulikuwa chumba cha nyuma, mlango wa uani umefunguliwa. Mama alikaa kwenye kigoda ndani kidogo ya mlango na sinia lake. Kaka alikuwa ameketi mezani. Wifi alikuwa chini uani, mlangoni mwa jiko, akikoroga sufuria kwa mkono wa kushoto. Mvua ilikuwa nyepesi.

Niliupiga ule muziki. Kaka akatabasamu. "Umepatikana! Si nilijua wewe ni fundi!"

"Faili la kwanza lilikuwa bovu tangu kusomwa," nikamwambia. "Kisomeo kilivunjika mguu siku ile ulipokibamiza ukutani. Hakuna aliyegusa kitu. Kosa lilikuwa lako, Kaka, na ukampiga yeye." Nikaliweka ganda mbele yake, ufa juu.

Alilichukua, akaligeuza. "Kwa hiyo kosa ni langu," akasema kwa sauti ndogo. Kwa muda nilimwona yule kaka wa shuleni, nikafikiri atalia.

Akainuka. "Njoo hapa," akamwita Wifi. "Njoo. Mmekaa mkinicheka siku zote hizi, wewe na dada yangu. Mnanipikia chakula huku mnanicheka."

"Sikujua kitu," akasema Wifi. Hakusogea. Moto ulikuwa nyuma yake na ukuta wa ua pembeni.

Kando ya mlango kuna kinu na mchi. Kaka alichukua mchi. Nilimshika shati, akanipiga kiwiko cha mdomo bila hata kunitazama, jino likatikisika, nikaketi chini. Akasimama kwenye kidato cha juu, mchi mkononi, mgongo kwetu. Wifi aliiacha sufuria. Aliunyanyua mkono wenye plasta mbele ya uso, kama alivyounyanyua siku ile, na nikajua kwamba safari hii kitavunjika kichwa.

Mama aliweka sinia chini. Alilisogeza kidogo pembeni, maharage yasimwagike. Akainuka taratibu kama anayekwenda kufunga dirisha, akamwendea mwanawe nyuma, akamsukuma kwa mikono miwili.

Kaka alitua na uso.

Ngazi tatu peke yake hazivunji mguu wa mtu. Zilisaidiwa. Alipoinuka kwa magoti, pua inamwagika, alimshika Wifi upindo wa gauni akamvuta. Wifi alimpiga kwa plasta kwenye kipaji. Plasta ikalia kama kigae. Akampiga tena, huku akipiga kelele kwa uchungu wa mfupa wake mwenyewe ndani, na bado akapiga. Kaka akaachia, akaangukia ubavu. Mchi ulikuwa umebingirika hadi kwenye kidato cha chini. Niliteremka nikauchukua.

Nilimpiga nao gotini. Alilia jina langu la utotoni, lile ambalo yeye peke yake hulitumia. Nikampiga goti lilelile tena. Nilifurahi, na nilikuwa nalia, na kilichonitisha ni kwamba mkono wangu ulikuwa unakwenda kama wake, wala haukuchoka. Niliinua mara ya tatu.

"Basi," akasema Mama kutoka juu.

Nikashusha mchi. Mvua ilikuwa inaosha uso wa Kaka, na damu ilikuwa inatafuta njia kwenda mfereji wa jikoni. Wifi aliisogeza sufuria kando ya moto, maana ilikuwa inaungua. Mama akaingia ndani kumtafutia mwanawe viatu.

Ndani ya teksi hakuna aliyepanga maneno. Naapa. Kaka alilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama, na Mama alikuwa anampapasa nywele kama mama yeyote.

Muuguzi wa kamba alikuwepo. Alitutazama mmoja mmoja: mdomo wangu uliovimba, plasta ya Wifi, goti la Kaka lililogeukia upande usiokuwa wake. "Imekuwaje?"

Nilifungua mdomo. Kaka aliniwahi.

"Nimeanguka ngazini," akasema. "Nimeteleza kidato cha juu, nimetua na uso." Alikuwa anamtazama Mama alipokuwa akisema. Mwanamume mwenye ukumbi mzima angesemaje, kwamba waliomwangusha ni mke, dada na mama?

"Na goti?"

"Goti pia."

"Ngazi hizo," akasema muuguzi, "zina vidato vingapi?"

Wifi ndiye aliyejibu. "Ni vilevile vitatu."

Muuguzi aliinua ule mkono wa Wifi kwa vidole viwili, akauona ufa, akaliona doa la damu. "Plasta nayo ilianguka?"

"Nayo," akasema Mama.

Yule mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu yake nyeupe, akaivaa. Akaandika. Alipomaliza, alimwinamia Wifi aanze kuikata plasta, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini niliisikia: "Ngazi mbaya sana hizo. Msizikarabati."

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Nimefuta alama ya zamani ukutani, nimeandika mpya.

Ijumaa, 3 Mei

Hakuna mvua. Makabati yote yameondoka, yote yanaimba, na Mkusanyaji ametuma salamu.

Wifi ameondoka leo kurudi kwao. Nilimbebea begi hadi barabarani. Njiani nilimwambia nilichokuwa nakimeza tangu Machi, kwamba siku ile mimi ndiye niliyetazama kaunta.

"Najua," akasema. "Nilikuona."

"Nisamehe, wifi."

"Bado." Alinipa mkono wa kushoto, wa kulia haujapona. "Siku nyingine ukiulizwa nani, tazama ukuta."

Gari lilipoondoka nilirudi nyumbani. Kaka alikuwa kitandani, mguu umenyooshwa kwenye chuma, magongo yameegemea ukuta. Alikuwa amesikia mlango.

"Ameenda?" akauliza. "Ameenda kweli? Sasa nani atanipikia?"

Mama alikuwa sebuleni anashona kifungo. Alikata uzi kwa meno.

"Jiko liko palepale uani, baba," akamwambia. "Ngazi ni tatu tu."